Cheni Huongea Asubuhi

Simama kando ya maegesho ya Probox mjini Meru alfajiri ya mwezi Julai, ukungu wa Mlima Kenya ukiwa bado umeilalia barabara, uyasikilize magari yakiwashwa moja baada ya jingine. La kwanza linawaka kimya. La pili linatoa mchakacho mfupi, kama mtu aliyetikisa kopo lenye misumari, halafu linatulia. La tatu linalitikisa kopo hilo kwa sekunde tano, sita, saba, ndipo linyamaze. Na dereva wa hilo la tatu hufanya nini? Huongeza sauti ya redio.

Sauti hiyo mara nyingi ni ya cheni ya taimingi. Huongea asubuhi, gari likiwa limelala usiku kucha na oili imeshuka yote chini. Oili ikishapanda, cheni hunyamaza hadi kesho yake. Ndiyo maana fundi unayempelekea gari saa saba mchana, injini ikiwa moto, anaweza kukuapia kwamba hasikii kitu, na akawa anasema kweli. Mwenye kusikia ni wewe unayeliwasha alfajiri. Makala haya yanakusudia kukusaidia uelewe unachosikia, uchukue hatua mapema, na siku ya kubadilisha cheni ikifika, usimame gerejini ukijua cha kuuliza.

Kazi ya cheni

Chini ndani ya injini kuna krenkishafti, inayozungushwa na pistoni. Juu, kwenye silinda hedi, kuna kamshafti, zinazofungua na kufunga vali ili hewa iingie na moshi utoke. Krenki ikizunguka mara mbili, kamshafti sharti izunguke mara moja kamili. Cheni ndiyo inayozifunga pamoja zisipishane, ikipita kwenye meno ya sproketi zao.

Cheni ikilegea, vali huanza kuchelewa. Ikiruka jino, gari hukosa nguvu, hutetemeka na huwa gumu kuwaka. Ikiruka meno kadhaa, au ikikatika, basi katika injini nyingi za siku hizi pistoni hupanda na kuikuta vali ingali imening'inia njiani. Vali hupinda, na gharama ya cheni hugeuka gharama ya kufungua silinda hedi nzima. Injini ya 1NZ-FE ya lita 1.5, ambayo imekuwa ikifungwa kwenye Probox tangu gari hilo lilipotoka mwaka wa 2002, ni mojawapo ya injini zenye tabia hiyo.

Cheni haijikazi yenyewe. Hukazwa na tenshena, kifaa kidogo chenye pistoni yake inayosukumwa na shinikizo la oili. Pembeni kuna vibao vya plastiki ngumu vinavyoiongoza isipige kuta. Kwenye injini za VVT-i, oili hiyohiyo ndiyo inayoisogeza kamshafti mbele au nyuma kulingana na mwendo. Kwa hiyo mfumo wa cheni huitegemea oili mara tatu: kuilainisha cheni, kuikaza na kuisogeza kamshafti. Oili ikiharibika, yote matatu huharibika pamoja.

Na neno ambalo mafundi hulitumia, kwamba cheni "imerefuka", lisikupotoshe. Chuma hakivutiki kama mpira. Kinacholika ni pini na matundu yake, chembe kwa chembe katika kila kiungo, na ukijumlisha viungo vyote unapata milimita za kutosha kuipotosha injini. Bandu bandu huisha gogo.

Gari lako ni la cheni au la mkanda?

Kabla ya kusumbuka na cheni, hakikisha unayo. Injini nyingine hutumia mkanda wa mpira, na mkanda una masharti yake. Dizeli za Toyota zilizoenea katika Hiace, Prado na Hilux, yaani 1KZ, 1KD na 2KD, ni za mkanda, na kwenye dashibodi zina taa iliyoandikwa T-BELT. Corolla 110 za petroli na Subaru zenye injini ya EJ20 ni za mkanda pia. Mkanda hukatika bila kuaga, kwa hiyo hubadilishwa kwa hesabu ya kilomita: kwa injini nyingi ni kilomita 100,000, au kama kitabu cha gari kinavyosema. Ukinunua gari la mkanda lisilo na kumbukumbu, badilisha mkanda kwanza, maswali yafuate.

Za cheni ni 1NZ na 2NZ za Probox, Vitz na Corolla. 1ZZ za Wish, Allion na Spacio. 2TR ya Hiace za petroli. HR15 ya Nissan AD na Wingroad. Na injini za Mazda Demio na Honda Fit za miaka hii. Usiulize kwa jina la gari. Hiace mbili zilizoegeshwa pamoja stendi ya Embu zinaweza kuwa moja ya mkanda na nyingine ya cheni. Soma namba ya injini kwenye logbuku, kisha uilinganishe na ile iliyopigwa chapa kwenye injini yenyewe.

Kuna usemi unaozunguka gerejini kwamba cheni ni ya maisha, haibadilishwi. Usemi huo umewaponza wengi. Ni kweli kwamba 1NZ iliyotunzwa kupita kilomita 200,000 na cheni yake ya kiwandani si ajabu. Lakini baadhi ya injini za Volkswagen za TSI za 1.2 na 1.4 za mwanzo, pamoja na M271 ya Mercedes, zimejulikana kote duniani kwa cheni zilizochoka mapema. Na hata kwa Toyota, kilomita unazozisoma kwenye dashibodi si lazima ziwe ndizo gari lilizotembea. Sheria ya Kenya huruhusu kuingiza gari lisilozidi miaka 8, na ndani ya miaka 8 gari linaweza kuwa limefanya kazi nzito sana. Cheti cha usafirishaji kilichotoka Japani huwa na rekodi ya kilomita. Mwombe muuzaji akuonyeshe, uilinganishe na dashibodi.

Milima, miraa na oili

Barabara inayotoka Makutano ya Mwea kupitia Embu, Runyenjes, Chuka na Nkubu hadi Meru huyakata mabonde ya mito inayotiririka kutoka Mlima Kenya. Ukivuka Rupingazi pale Embu unaanza hesabu: Thuci, Nithi na mingine mingi, kila mmoja na mteremko wake na mwinuko wake. Gari lililojaa mizigo hupanda kwa gia ya pili injini ikilia juu, oili ikichemka. Pandisha hadi Maua na Laare kwenye Nyambene, mahali miraa hufungwa kwa majani ya mgomba na kukimbizwa Nairobi kabla haijakauka, na utaona injini zisizopewa nafasi ya kupoa wala kupashwa moto. Asubuhi zinawashwa na kukanyagwa papo hapo, wakati tenshena bado haijapata oili.

Hapo ndipo cheni nyingi za kwetu hufia. Yakague mambo haya matano.

Kwanza, muda wa kubadilisha oili. Kwa kazi za milima na mizigo, kilomita 5,000 ni mpaka wa busara. Mwenye kuvusha hadi 10,000 huku akijaziajazia hajabadilisha oili. Ameichanganya mpya na tope.

Pili, kipimo. Meru ni mji wa miteremko, na ukichomoa kijiti cha oili gari likiwa limeinama, kijiti kitakudanganya. Tafuta mahali tambarare, zima injini, subiri dakika tano, upime. Fanya hivyo kila Jumamosi, hasa kama una 1ZZ, kwa kuwa nyingi kati ya hizo hula oili. Oili ikishuka sana, pampu huvuta hewa kwenye kona na miinuko, na tenshena hulegea papo hapo.

Tatu, kiasi. 1NZ-FE huchukua takriban lita 3.7 ikibadilishwa pamoja na filta. Kopo la dukani ni la lita 4. Fundi akilimimina lote, amezidisha. Mwambie akubakishie kidogo kwa kujazia.

Nne, uzito. Hapa kwetu imezoeleka kumimina 20W-50 katika kila injini, eti ni nzito kwa hivyo hulinda. Injini za Toyota za VVT-i zilitengenezwa kwa oili nyepesi kama 5W-30, yenye kupita katika vijitundu vyembamba. Oili nzito, katika baridi ya alfajiri ya Meru au Timau, huchelewa kufika juu, na kila sekunde ya kuchelewa ni sekunde ya cheni kupiga kavu. Kitabu cha gari kifuatwe kuliko mazoea.

Tano, filta na uhalisi. Filta nzuri ina kipande cha mpira ndani kinachozuia oili isirudi chini yote gari likilala. Filta hafifu hukikosa, au mpira wake ni mgumu kama kadibodi. Unaweza kusikia mchakacho wa asubuhi kumbe ugonjwa ni filta ya bei ya chini. Ama oili ghushi, Kenya ina Sheria ya Kukabiliana na Bidhaa Ghushi ya mwaka wa 2008 na mamlaka ya kuisimamia, lakini mlinzi wa kwanza ni wewe. Nunua kwa muuzaji anayejulikana na udai risiti. Ukimaliza kopo, litoboe. Kopo zima la chapa yenye jina huokotwa, likajazwa oili chafu na kurudi sokoni.

Kusikiliza kabla ya kufungua

Dalili ya mvua ni mawingu, lakini si kila wingu lina mvua. Usikubali injini ifunguliwe kwa sauti pekee.

Ikiwezekana, liache gari gerejini lilale huko, fundi aliwashe mwenyewe asubuhi. Isipowezekana, fungua boneti, weka simu irekodi, mtu mwingine awashe. Hesabu sekunde. Sekunde moja au mbili baada ya gari kukaa siku kadhaa si neno. Zaidi ya sekunde tatu kila asubuhi ni onyo. Sauti inayobaki hata injini ikiwa moto ni amri: usisafiri nayo.

Kisha litafute chimbuko. Fundi huweka ncha ya bisibisi ndefu kwenye kifuniko cha upande wa cheni na mpini sikioni, akasikiliza kama daktari. Akikosa hakika, aondoe mkanda wa nje, ule wa altaneta na pampu ya maji, awashe kwa sekunde chache tu. Sauti ikipotea, mgonjwa ni bearingi ya altaneta au pampu, na umejiokolea pesa nyingi. Bati la kukinga joto la sailensa likilegea nalo huigiza cheni vizuri sana.

Taa ya injini ikiwaka, mashine ya kusoma kompyuta inaweza kutoa P0016, yaani krenki na kamshafti hazipatani. P0011 husema kamshafti imetangulia mno na P0012 husema imechelewa mno. Wengine wakiiona P0016 huagiza cheni siku hiyohiyo. Ngoja. Misimbo hiyo inaweza kuletwa pia na oili chafu, na vali ya VVT-i iliyokwama, na chujio lake dogo lililoziba, au na sensa na nyaya zake. Utaratibu wa busara ni huu: badilisha oili na filta kwa uzito unaostahili, safisha vali ya VVT-i na chujio lake, kagua sensa, kisha sikiliza kwa wiki moja. Tatizo likibaki, ndipo cheni ishtakiwe. Na mtu akiufuta msimbo akakuambia gari limepona, jua kwamba amezima taa tu.

Ushahidi wa mwisho uko ndani. Ondoa kifuniko cha vali, utazame. Chuma chenye rangi ya dhahabu iliyokolea ni cha kawaida. Tope jeusi linalokwanguka kwa kucha ni historia ya oili iliyosahauliwa. Pasua filta ya zamani, utafute chembe za chuma zinazometa au vipande vya plastiki. Plastiki ndani ya filta ni vibao vya kuongozea cheni vinavyosagika, na hapo hakuna mjadala tena.

Kuna sababu nyingine ya kutoahirisha. Mteremko wa daraja la Nithi umewaua watu wengi kwa miaka mingi, na kila dereva wa njia hii anaufahamu. Injini ikizimika ghafla mahali kama pale kwa sababu cheni imeruka, sevo ya breki hubakiwa na nguvu ya kukanyaga mara mbili au tatu, baada ya hapo pedali huwa ngumu kama jiwe, na usukani huwa mzito. Ukiwa na cheni inayolalamika, usishuke bonde lolote ukiwa na abiria.

Hadi utakapoitengeneza, zingatia mawili. Usiegeshe kwenye mteremko ukitegemea gia pekee, bali vuta hendibreki na uweke jiwe, kwa maana injini ikisukumwa kurudi nyuma cheni iliyolegea huweza kuruka jino. Na usiwashe gari kwa kusukumwa.

Nunua seti kamili

Mwenye haraka hununua cheni peke yake. Cheni mpya ikivalishwa sproketi za zamani, ambazo meno yake yamekwisha kuchongoka, hulika haraka. Na tenshena iliyochoka itailegeza hata kama ni mpya kabisa. Seti ni cheni, tenshena, vibao vyote vya kuongozea na sproketi, pamoja na sili ya mbele ya krenki, gasketi ya kifuniko cha vali, silikoni ya kuhimili oili, oili na filta. Sproketi ya VVT-i ni ghali. Hiyo ikaguliwe kwanza, na kama inajifunga vizuri na meno yake ni mazima, inaweza kubaki.

Nenda dukani na namba ya chesisi, si jina la gari. Wengi wa Embu na Meru huagiza kutoka Kirinyaga Road jijini Nairobi, mtaa ambao wazee bado huuita Grogan, na mzigo ukaja kwa matatu siku hiyohiyo. Kabla ya kulipa, kubalianeni kwa maandishi kwamba kisichoingia kitarudishwa. Kikifika, laza cheni ya zamani na mpya sambamba, uhesabu viungo: idadi sharti ilingane. Angalia kama viungo vya rangi vya kuweka alama vipo. Bonyeza tenshena uone inarudi bila kukwama. Cheni iliyotolewa kwenye injini nyingine iliyotumika usiinunue hata kwa bei ya kutupa, maana utakuwa unalipia uchakavu wa mtu mwingine.

Siku ya kazi

Fundi wa jua kali si wa kudharauliwa. Wengi wamefungua 1NZ mara nyingi kuliko mhandisi mwenye shahada. Lakini muulize kwa heshima.

"Fundi, injini hii umewahi kuibadilisha cheni?"

"Hiyo ni kawaida, mzee. Kazi ya siku moja."

"Na tok spana unayo?"

Jibu la swali la pili ndilo lenye uzito. Tok spana ndiyo inayokaza nati kwa nguvu iliyoandikwa na kiwanda. Asiyekuwa nayo anaweza kuazima, lakini anayesema mkono wake unatosha, mshukuru uondoke. Cheti cha majaribio ya ufundi cha NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani, kuanzia Gredi ya III hadi ya I, ni dalili njema, na vilevile aliyesomea katika taasisi kama Meru National Polytechnic. Cheti na zana vikiwa pamoja, umepata fundi.

Kazi huenda hivi. Betri inafunguliwa, oili inamwagwa, mkanda wa nje na kifuniko cha vali vinaondolewa. Injini inashikiliwa kwa jeki yenye ubao, kisha maunti ya kulia inatolewa. Krenki inazungushwa kwa mkono hadi pistoni ya kwanza ifike juu na alama zilingane. Kabla ya kugusa kitu kingine, piga picha. Picha ya simu imewaokoa mafundi wengi.

Pula ya krenki ndiyo hukaza shingo. Hapa zuia mambo mawili. La kwanza ni ule ujanja wa kuegemeza spana kwenye chesisi na kupiga stata ili nati ifunguke. Spana ikiponyoka, huvunja kitu au mkono. La pili ni nyundo. Pula ina mpira ndani, na ikigongwa hupinda na kuleta mtetemo mpya ambao hukuwa nao. Kuna kifaa cha kuishika na kingine cha kuivuta. Viazimwe.

Kifuniko cha mbele kikitoka, tenshena inatolewa, kisha vibao, kisha cheni. Kuanzia hapo, mtu asizungushe kamshafti wala krenki ovyo, kwa sababu vali na pistoni zinaweza kugongana hata bila injini kuwaka. Cheni mpya huvalishwa kiungo cha rangi kikikutana na alama ya kila sproketi: kimoja krenki na viwili kamshafti. Tenshena inarudishwa na kuachiliwa.

Sasa inakuja hatua ambayo wenye haraka huiruka, nawe usikubali irukwe. Kabla ya kufunga kifuniko, fundi azungushe krenki kwa mkono, kwa mwelekeo wa saa, mizunguko miwili kamili, polepole. Ikikwama, asilazimishe, kwani kitu kinagusa kitu. Ikizunguka vizuri, alama za sproketi zirudi mahali pake. Usishtuke ukiona viungo vya rangi havikurudi kwenye alama. Hesabu ya viungo na meno haigawanyiki sawasawa, kwa hiyo vitakutana tena baada ya mizunguko mingi. Kinachokaguliwa sasa ni alama za sproketi zenyewe. Nenda uzione kwa macho yako.

Kifuniko cha 1NZ hakina gasketi ya karatasi pembeni. Hufungwa kwa silikoni. Hapa nina kovu langu. Miaka kadhaa iliyopita nilibadilishiwa cheni katika gereji moja, kazi ikaonekana safi. Baada ya wiki mbili taa ya oili ikawaka nikipanda mlima. Sampu ilipofunguliwa, chujio la pampu lilikuwa limezibwa na minyoo ya silikoni iliyofinywa ndani. Fundi alikuwa ameipaka kwa ukarimu kupita kiasi. Tangu siku hiyo nasimama nikitazama: silikoni ya zamani ikwanguliwe na ukuta ufutwe ukauke, silikoni iwe mstari mwembamba usiokatika, kifuniko kifungwe ndani ya dakika chache kabla haijaanza kukauka, na oili isimiminwe kabla ya muda wa saa mbili kupita. Fundi akikuambia muda huo ni mrefu, mnunulie chai. Na kwa kuwa pampu ya oili ya injini hii iko ndani ya kifuniko hichohicho, isafishwe wakati huo, na sampu ikiwa na tope ifunguliwe.

Kuwasha kwa mara ya kwanza kusiwe kwa pupa. Chomoa plagi za injekta, piga stata kwa sekunde chache mara mbili tatu ili oili ipande, kisha rudisha na uwashe. Mchakacho wa sekunde mbili au tatu ni tenshena inayojaa. Ukipita hapo, zima. Injini ikitulia, iache hadi ipate joto, kagua uvujaji, soma misimbo. Dai vipuri vyako vya zamani uende navyo, na risiti iandikwe kilomita za siku hiyo. Kama injini ilikuwa na tope, oili ya kwanza ibadilishwe baada ya kilomita 1,000.

Kishawishi cha injini nyingine

Utaambiwa pia kuwa badala ya kuhangaika na cheni, weka injini nzima ya eksi-Japani. Kama vali zimekwisha kupinda au injini inakula oili kupita kiasi, ushauri huo una maana. Lakini kama ugonjwa ni cheni pekee, unaibadilisha injini unayoijua kwa injini usiyoijua, yenye cheni ambayo hujaisikia ikiwashwa asubuhi hata moja. Ukilazimika, fungua kifuniko cha vali cha hiyo injini dukani kabla ya kulipa, uitafute dhahabu au tope. Dai stakabadhi za forodha zenye namba ya injini, na upeleke mabadiliko hayo kwa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, ili logbuku irekebishwe. Namba ya injini isiyolingana na logbuku ni taabu siku ya ukaguzi, na taabu zaidi siku ya kuuza.

Wengi tutaendelea kuahirisha kwa hoja kwamba gari bado linatembea. Linatembea, ndiyo. Mchelea mwana kulia hulia yeye. Kesho asubuhi, kabla ya kuwasha, zima redio, fungua dirisha, muombe mtoto anyamaze kidogo. Geuza ufunguo, uhesabu: moja, mbili, tatu. Ikiwa mchakacho bado unasikika, zima injini, chukua kijiti upime oili asubuhi hiyohiyo, kisha umpigie fundi wako simu kabla hujaliondoa gari mahali lilipolala.